Saa za Juma Kuu: zipi husogezwa, zipi hazisogezwi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie saa za ibada za Wakatoliki wakati wa Kwaresima, yaani mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka, na Juma Kuu, juma la mwisho kabla ya Pasaka, hapa Unguja na Pemba. Jambo hili huzua maneno karibu kila mwaka, na maneno huzidi pale kalenda zetu mbili zinapokutana. Mwaka 2023 Pasaka, tarehe 9 Aprili, iliangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2024 ikawa hivyo tena, tarehe 31 Machi. Jumatano ya Majivu ndiyo hufungua Kwaresima, waumini wakipakwa majivu. Ile ya mwaka 2026, tarehe 18 Februari, na ile ya 2027, tarehe 10 Februari, zote zinaangukia mwanzoni kabisa mwa mfungo wa Waislamu kwa hesabu za mwezi. Kwa kuwa mwaka wa Hijria hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, baada ya hapo Kwaresima na Ramadhani zitaachana kwa miaka mingi. Lakini misikiti na makanisa yataendelea kupakana, na Ijumaa ya Kwaresima itaendelea kuwa Ijumaa kwa wote, kwa hivyo suala halitakwisha.

Ombi lenyewe huwa ni lile lile: "Hamwezi kusogeza kidogo?" Linaweza kutoka kwa jirani, kwa sheha, kwa meneja wa hoteli mwenye wafanyakazi Wakatoliki, au kwa waumini wenyewe wanaoogopa kurudi nyumbani usiku. Halmashauri ya walei, yaani baraza la waumini wasio mapadre, ikikaa, hugawanyika hapo hapo. Wapo wanaosema kusogeza hata dakika kumi ni kuikana imani, na wapo wanaosema amani kwanza, tusogeze kila kitu. Kwa maoni yetu pande zote mbili husema bila kufungua kitabu. Misale ya Kiroma (kitabu cha taratibu na sala za Misa), Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, na waraka wa Roma wa tarehe 16 Januari 1988 kuhusu maandalizi na adhimisho la sherehe za Pasaka vimeeleza saa hizi waziwazi. Mengi yanasogezeka bila hasara yoyote. Machache hayasogezeki kabisa. Parokia inapaswa kuyatenganisha haya kabla ya kwenda kuzungumza na mtu yeyote.

Tuanze na lililo jepesi. Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa haina saa iliyopangwa na sheria, kwa kuwa ni ibada ya waumini na si liturujia. Vituo ni 14. Pamoja na wimbo, somo, kupiga magoti na kusogea, kila kituo huchukua kama dakika tatu, yaani dakika 40 na ushei kwa jumla. Penye mazoea ya kuianza saa 11 jioni, mwezi wa Ramadhani saa hiyo haifai. Watu hutoka kanisani karibu na saa 12, wakati madereva na makonda wa daladala wanawahi futari, na Magharibi ikishaadhiniwa vituo vinakuwa vitupu. Akina mama na watoto hukwama barabarani hadi baada ya Isha. Ianze saa 10:15, adhana ya Alasiri ikiwa imeshapita, na kufika saa 11 watu wawe njiani.

Majivu nayo yana nafasi kubwa. Yanaweza kupakwa katika Misa ya alfajiri, ya mchana au ya jioni, na hata nje ya Misa katika ibada ya Neno. Mahali ambapo padre mmoja anazunguka vigango vitatu, yaani makanisa madogo ya parokia, hili ni la kukumbuka. Wala hakuna sheria inayomtaka Mkristo ashinde na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Kunyunyiziwa majivu kichwani ni desturi ya zamani, na Roma iliielekeza kwa Kanisa zima katika tangazo la tarehe 12 Januari 2021, wakati wa korona. Kwa hivyo anayeona alama itamletea usumbufu kazini anaweza kumwomba padre amnyunyizie utosini. Lakini hilo ni la hiari yake. Mwalimu au mkuu wa kazi anayemwamuru mtoto au mfanyakazi afute paji lake anaingilia dini ya mtu, hata akisema anatunza nidhamu.

Kwa wanaotayarisha majivu hayo: matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ambayo ndiyo huchomwa kupata majivu, yakusanywe kwenye jumuiya ndogo ndogo Jumapili mbili kabla na kuanikwa juani hadi yavunjike mkononi. Kuti lisilokauka vizuri hutoa masizi yanayonata badala ya majivu. Yakishachomwa, yachekechwe kwa kitambaa cha chachi na yawekwe makavu. Kosa la kawaida ni kuyakoroga na maji ili yashike vizuri. Majivu ya makuti yakirowekwa hutoa maji makali kama magadi, na ngozi ya mtoto hubabuka. Maji ya baraka hunyunyizwa matone tu.

Jumapili ya Matawi, inayofungua Juma Kuu, inahitaji mazungumzo zaidi, kwa sababu ni maandamano ya barabarani. Misale imetoa namna tatu za kuingia: maandamano kamili kutoka mahali pengine hadi kanisani, maingilio ya shangwe yanayoanzia mlangoni au ndani ya kanisa lenyewe, na maingilio ya kawaida. Zote tatu ni halali. Barabara ikiwa haipatikani, au njia inapita mbele ya msikiti wakati watu wanasali, parokia itumie namna ya pili. Matawi yabarikiwe, Injili isomwe, waumini waandamane ndani ya ua. Haifai kuacha baraka ya matawi eti kwa sababu polisi hawajajibu barua.

Alhamisi Kuu, Misa ya Karamu ya Bwana ni ya jioni, saa itakayowafaa watu wengi zaidi. Askofu anaweza kuruhusu Misa ya pili jioni hiyo, na penye dharura ya kweli hata asubuhi, lakini kwa wale tu wasioweza kabisa kufika jioni. Baada ya Misa Ekaristi huhamishwa na watu hukesha wakiabudu. Kuabudu huko kwa taratibu kamili huishia saa 6 usiku. Baada ya hapo ni kimya, bila shamrashamra. Jirani anayelalamikia nyimbo za saa 8 usiku siku hiyo ana haki, na kitabu chetu wenyewe kinamuunga mkono. Jambo jingine ambalo majirani wengi hawalijui ni kwamba kengele zetu hunyamaza kuanzia wimbo wa Utukufu wa Alhamisi hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, ibada ya Jumamosi usiku.

Ijumaa Kuu hakuna Misa popote duniani. Kinachofanyika ni adhimisho la Mateso ya Bwana: masomo, maombi makuu kumi, kuabudu Msalaba, na komunyo ya hostia zilizowekwa wakfu Alhamisi. Saa yake ni saa 9 alasiri, lakini waraka wa 1988 unaruhusu saa nyingine kwa sababu za kichungaji, kuanzia muda mfupi baada ya adhuhuri na isizidi saa 3 usiku. Hapa kwetu saa 9 inafaa: sala ya Ijumaa imeshakwisha na watu wametawanyika. Adhana ya Alasiri, mwanzoni mwa Aprili, hulia karibu na saa 9:40, ambapo kwa kawaida kanisani ndipo somo la Mateso ya Yesu katika Injili ya Yohane linaelekea mwisho. Mpiga mitambo asiongeze sauti kushindana nayo. Adhana huchukua dakika chache tu. Msomaji apunguze mwendo, au paroko apange kimya cha tafakari kiangukie hapo. Wapo watakaoona hili ni kujinyenyekeza mno. Sisi tunaona ni kusali vizuri, kwa sababu Injili iliyosomwa kwa kushindana na kipaza sauti haimwingii mtu.

Na wasomaji Waislamu wajue kwamba katika yale maombi kumi limo la kuwaombea wasiomwamini Kristo, na kwamba ni ombi linalosomwa kwa kupiga magoti na kukaa kimya, si kwa kelele.

Sasa tufike pasiposogezeka. Mkesha wa Pasaka wote ni wa usiku. Hauruhusiwi kuanza kabla giza halijaingia, na lazima umalizike kabla ya mapambazuko ya Jumapili. Waraka wa 1988 unakemea waziwazi desturi ya kuuadhimisha saa ile ya Misa ya kawaida ya Jumamosi jioni. Hapa visiwani jua la mwishoni mwa Machi huzama karibu na saa 12:30, na giza kamili huhitaji zaidi ya nusu saa baada ya hapo. Mkesha ulioanza saa 12 jioni "ili watu wawahi gari" umeondolewa maana yake: moto mpya unawashwa jua likiwaka, na Mbiu ya Pasaka, wimbo wa kutangaza ufufuko unaoutaja usiku ule tena na tena, inaimbwa mchana.

Kwa hivyo sheha au mkuu wa kituo akiuliza kama Mkesha unaweza kufanyika alasiri, jibu ni hapana, na liambatane na maelezo na heshima. Kinachoweza kusogezwa ni saa ndani ya usiku huo. Wakati wa Ramadhani, Isha huadhiniwa baada ya saa 1:30 na tarawehe huendelea hadi karibu saa 3. Moto ukiwashwa saa 3 usiku, waumini wa pande mbili hawagongani vichochoroni. Iwapo hofu ni usafiri, fupisheni masomo. Mkesha una masomo tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Kwa sababu za kichungaji yale saba yanaweza kupunguzwa hadi matatu, ila lile la Kutoka sura ya 14, la kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Kila somo na zaburi yake na sala yake ni kama dakika nane. Ukiacha manne umepata nusu saa. Tunasema hivi bila kufurahia, maana masomo saba ndiyo mwili wa Mkesha, lakini ni afadhali masomo matatu gizani kuliko saba kwenye mwanga wa jua.

Vigango vidogo vya Pemba na vya mashamba Unguja visijilazimishe kufanya Mkesha peke yake. Waraka huo huo unataka jumuiya ndogo ziungane na kubwa kwa siku hizi tatu, kuanzia Alhamisi Kuu jioni. Kodini basi moja, lipieni mapema, na mkubaliane na dereva kwa maandishi kuhusu saa ya kurudi, maana saa 6 usiku hakuna daladala utakayoikuta.

Kuhusu moto wenyewe: Mkesha huangukia masika, na mvua ya ghafla imezima mioto mingi. Tumieni seredani kubwa chini ya upenu, mbali na mapaa ya makuti, na ndoo mbili za mchanga pembeni. Vifuu vya nazi vilivyokauka hutoa mwali mkali wenye moshi kidogo. Makumbi yaacheni, hufuka, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe moshi huingia moja kwa moja madirishani kwa watu. Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka, na mmoja tu.

Lipo pia suala la usalama, na hatuwezi kulipita. Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, akienda kuadhimisha Misa. Miezi michache kabla, Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali. Viongozi wa dini zote mbili waliumizwa katika kipindi kile, na tangu hapo usiku wa Mkesha umekuwa mzito kwa walinzi wa makanisa. Mwanzo wa Mkesha taa zote za kanisa huzimwa. Walinzi na polisi waambiwe mapema kwamba giza hilo limekusudiwa na litadumu dakika ngapi. Taa za lango na za uwani zibaki zinawaka. Watu wawili wenye tochi wakae kila mlango, na mtu mmoja anayejulikana akae kwenye swichi kuu. Kuzima umeme wa jengo zima ni kosa, kwa sababu hata taa za nje hufa.

Tunarudi kwa wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, ambao wengi huambiwa wachague siku moja. Wajue kwamba Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu, kwa ukubwa wake wote, si siku za amri kisheria, yaani siku ambazo Mkatoliki analazimika kushiriki Misa. Jumapili ya Pasaka ndiyo ya amri, na Mkesha wa Jumamosi usiku unaitimiza. Mwenye nafasi moja tu aombe usiku huo au Jumapili yenyewe, kwa maandishi, wiki tatu kabla, na ajitolee kushika zamu ya mwenzake wakati wa Idd. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, na mwajiri analijua hilo.

Chakula kina maneno yake. Wakatoliki wa miaka 18 hadi 59 hufunga siku mbili tu za amri, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifiki mlo kamili. Kuacha nyama ni kuanzia miaka 14, siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima. Ikitokea Idd imeangukia Ijumaa ya Kwaresima na jirani akaleta sinia la pilau la nyama, mtu asilirudishe. Alipokee, ashukuru, alihifadhi hadi Jumamosi. Au amwombe paroko amruhusu kwa siku hiyo, kwa kuwa kanuni ya 1245 ya Sheria ya Kanisa inampa paroko uwezo huo kwa tukio moja moja. Na Ijumaa inayoangukia sherehe kuu haina amri ya kuacha nyama: mwaka 2027 tarehe 19 Machi, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kanisa kuu letu la Minara Miwili, ni Ijumaa.

Upande wa pili, mchana wa Ramadhani Wakatoliki tusile wala kunywa hadharani. Kwaya inayofanya mazoezi saa 8 mchana na chupa za soda kwenye baraza ya kanisa inamkera jirani bila sababu. Ukumbi upo, mlango ufungwe. Watoto wa mafundisho nao waelezwe, kwa sababu wao ndio hutoka na andazi mkononi. Lakini watu wamewahi kukamatwa hapa Zanzibar kwa kula mchana, na hapo tunasema wazi: heshima hii tunaitoa kwa moyo, na haipaswi kugeuzwa adhabu kwa mtu ambaye dini yake haimwamuru kufunga siku hiyo.

Maana haki yenyewe haina utata. Kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, na kifungu cha 19 pia cha Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, vinalinda uhuru wa imani na ibada ndani ya mipaka ya sheria. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima) la tarehe 7 Desemba 1965 kuhusu uhuru wa dini linasema vivyo hivyo kwa watu wote, si kwa Wakatoliki pekee: mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake wala asizuiwe kuifuata, mradi utaratibu wa haki wa jamii unatunzwa. Na si wazo geni visiwani. Mapadre wa Kikatoliki walianza utume wao hapa mwaka 1860, enzi za Sayyid Majid, kwa ridhaa ya mtawala Mwislamu.

Ndiyo maana tunapinga desturi iliyoanza kujipenyeza, ya kuitaka parokia ilete kwanza barua ya ridhaa kutoka kwa majirani au msikiti wa karibu ndipo taarifa ya ibada yake ndani ya ua wake ipokelewe. Kumjulisha jirani ni uungwana na tutaendelea nao, lakini jirani hapaswi kuwa ndiye mtoa kibali. Barua kwa sheha, na nakala kituo cha polisi, itaje mambo haya: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, njia, kwa kutaja kila barabara na kila msikiti uliopo, idadi inayotarajiwa, kama kutakuwa na spika juu ya gari, na majina na simu za watu wawili watakaosimamia. Barua nyingi hukwama kwa sababu zimeandika "maandamano ya kidini" tu, bila saa ya kumaliza, na ofisa anayezipokea hana la kupanga.

Kabla ya barua hiyo, wazee wawili wa parokia wamwendee imamu nyumbani, baada ya Alasiri, waulize saa za msikiti wake kwa wiki hiyo. Saa hizo hutofautiana msikiti kwa msikiti, na kuzikisia kwa kalenda ya ukutani kumeleta mikwaruzo isiyo na lazima.

Mwaka 2027 Juma Kuu linaanza Jumapili tarehe 21 Machi na Mkesha ni usiku wa Jumamosi tarehe 27. Tunaziomba halmashauri za walei zikae kabla ya Jumatano ya Majivu, na barua ziwe mezani kwa masheha kabla Februari haijaisha. Nao masheha tunawaomba wajibu kwa maandishi, ndiyo au hapana na kwa sababu gani, angalau siku saba kabla ya Jumapili ya Matawi, ili palipo na hapana pawe na muda wa kumfikia mkuu wa wilaya.

Wenu,
Walei wa kamati ya liturujia,
Mjini Magharibi, Unguja